Walaji Mizoga wa Besmenti ya Shangazi Pili

Besmenti ya Shangazi Pili ilinuka kisamvu kilichoganda, sabuni ya unga, na zulia lililowahi kuingiwa na maji likakaushwa kwa matumaini tu. Nyumba yenyewe ilikuwa Malvern, mtaa wa Toronto, mwendo mfupi kutoka kwetu, na besmenti ndicho chumba chake cha chini ya ardhi, ambako watoto tulitupwa ili wakubwa wanywe chai kwa amani. Kwenye kona ilikaa friza kubwa kama jeneza la bwana mnene, imejaa makopo ya aiskrimu yasiyo na aiskrimu hata ya dawa. Kila mtoto wa kwetu anaujua uchungu huo: kopo lina picha ya vanila, ukifungua unakutana na maharage. Katikati ya chumba palikuwa na meza, kitabu kinene cha mazimwi, madadu ya kila umbo, na kiti cha ofisi kilichovunjika mgongo. Kiti kile ndicho kilichokuwa ufalme, nami nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine chochote duniani.

Kwa msioujua mchezo wetu, mmoja hukaa kitini akasimulia safari, na wengine hujifanya mashujaa. Ukitaka kumkata adui unarusha dadu, nalo linakwambia kama umekata shingo au umekata hewa. Msimulizi wetu alikuwa Faraji, mwana wa Shangazi Pili, kijana wa miaka kumi na saba mwenye masharubu machache na majivuno mengi. Tulicheza kwa Kiingereza, kama tulivyofanya kila jambo tulipokuwa peke yetu. Faraji alikuwa na sheria moja aliyoilinda kama amana: vitani, ukifungua mdomo kusema lolote, umeshatumia zamu yako. Shujaa wangu wa kwanza aliliwa na joka wakati nauliza kama juisi imebaki.

Majira hayo ya baridi Faraji alipata kazi ya Jumamosi dukani, ikabidi kiti kipate mrithi. Wagombea tulikuwa wawili tu, mimi na Kelvin, jirani Mkenya aliyeweza kupiga kelele zaidi yangu. Kelvin alikwisha kutangaza kwamba akikikalia, nafasi yangu ataipata rafiki yake wa mpira, kwa sababu eti mimi ni mzito wa kuamua. Sasa nifikirieni: mtoto wa kike wa miaka kumi na miwili, hapendi theluji, hapendi mpira, hapendi watu. Meza ile ndiyo mahali pekee palipowahi kunitoa nyumbani kwa hiari yangu. Faraji, kwa ukarimu wa wafalme wanaoondoka, akatoa mtihani. Safari ijayo ingeanzia kwenye uwanja wa vita uliojaa maiti. Kila mmoja wetu alete viumbe wanaokuja kula mizoga, aongoze pambano moja, na atakayewashinda wenzake kwa viumbe wake kiti ni chake.

Nikakipekua kitabu cha mazimwi kwa dharau ambayo sijaifikia tena hadi leo. Kulikuwa na uji wa kijani unaojiburuta ukiyeyusha mifupa. Nikajiuliza nani anaogopa uji. Kulikuwa na funza mkubwa kama basi, na panya wakubwa, ambao kwa ajili yao mtu yeyote aliyepanga nyumba Toronto angempigia simu mwenye nyumba, si kuwachomolea upanga. Nikamwendea Baba. Baba, mzaliwa wa Ilala, alinieleza fisi kwa ufasaha wa mtu ambaye hajawahi kumwona, akamaliza kwa methali: fisi akimla muwele, mzima funga mlango. Ushauri mzuri kwa mzima, lakini zimwi linalozuiwa na kitasa ni zimwi gani? Kelvin naye alileta rakuni, yule mnyama mwenye uso wa mwizi anayetufungulia mapipa ya taka, akamkuza akawa kama ng'ombe. Tukamuua mapema, tukakaa tunatazamana. Lakini Kelvin alikuwa amepiga kelele za rakuni kwa ustadi, na Faraji alikuwa ameanza kutikisa kichwa kwa kuridhika.

Wokovu wangu ulinikuta kwenye maulidi, katika ukumbi wa kukodi. Nimekaa nimeshika shavu, nikamwona Shangazi Pili akiinuka. Sheikh alikuwa hajamaliza dua. Mikono ya watu wote iko juu, wa shangazi mmoja uko juu na mwingine uko mkobani, unatoa kopo la aiskrimu. "Aamiin" ya mwisho ilipotua, paja la mbuzi lilikuwa limeshafunikwa. "Nampelekea mgonjwa nyumbani," alimwambia mwenye shughuli, aliyejibu kwa kumwongezea wali. Mgonjwa huyo hatukuwahi kumjua. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga, ambao bila shaka hawakuwahi kumwalika Shangazi Pili.

Jumamosi yangu ilipofika, Faraji alishuka kitini akachukua shoka la shujaa, na Kelvin akachukua upanga. Taji la mfalme, nikawaambia, liko katikati ya maiti. Lichukueni kabla ya walaji. Kisha wakaja viumbe watatu waliojitanda khanga, wakitembea polepole kama wenye visigino vinavyouma. Hawakuwa na pembe wala kucha. Kila mmoja alikuwa na kopo. Nikabana pua, nikaiacha ile lugha yetu ya mchezo, nikasema kwa Kiswahili: "Hamjambo wanangu? Poleni na msiba."

"Shikamoo," akaropoka Kelvin. Kwao hawaamkiani hivyo. Alifundishwa mlangoni kwa Shangazi, aliyekuwa hamfungulii mpaka aliseme.

"Marahaba. Umeongea, zamu imekwisha."

"Ah, wewe! Hiyo si haki!"

Faraji alicheka hadi akashika meza. "Kelvin, bwege wewe! Mtu anaamkia zimwi? Tazama wanaume. Mimi namkata kichwa yule wa..."

"Faraji, mwanangu," zimwi la kati likamkatiza, "umekula?"

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Umeongea, zamu imekwisha," nikamwambia, na maneno hayo yalikuwa matamu kuliko vanila. Lile zimwi likalitia taji ndani ya kopo, likagonga kifuniko mara mbili, likasema kuna mgonjwa nyumbani.

"Nani ananiita huko?" Sauti ilitoka juu ya ngazi, na Shangazi Pili mwenyewe akashuka, anafuata kitu kwenye friza. Faraji, akiwa bado amechanganyikiwa, akamweleza yote, pamoja na khanga na makopo. Nikajikunja nikisubiri kofi.

"Hilo zimwi lilisimama wapi?" akaniuliza.

"Katikati ya uwanja, Shangazi."

Akasonya. "Zimwi gani hilo? Mwenye akili anakaa karibu na mlango wa jikoni." Akachukua kisamvu chake akapanda zake.

Faraji akayakusanya madadu yote. Nilidhani anaondoka nayo. Akayasukuma upande wangu, akasema kwa shida, "Baki hapo hapo."

Nimebaki. Bado naishi Malvern, na Jumamosi bado nakalia kiti kibovu. Faraji yuko Pickering, mji wa jirani, ana besmenti isiyonuka chochote na skrini pana kama ukuta, ambamo binti yake anaua mazimwi yenye pembe na moto. Nimeyatazama, hayasalimii. Zimwi lisilosalimia ni gari lililokatika breki tu, unalikwepa, basi. Enzi zetu uliliwa kwa adabu.

Idi iliyopita Faraji alitualika kwake. Chakula kiliagizwa cha kulisha mtaa, na nusu yake ilikuwa inasubiri pipa. Shangazi Pili alikuwa ameketi, bila shaka, karibu na mlango wa jikoni. Mla cha mwenzie na chake huliwa, nikajisemea, nikatoa kopo mkobani. Yule binti akainua macho kutoka kwenye simu, akanitazama kama anayemtazama rakuni.

"Hujambo mwanangu?" nikamwambia. "Umekula?"

Mtoto ambaye tangu aanze kusema hunijibu Kiingereza alisimama wima. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," nikasema, na paja la kuku lilikuwa limeshafunikwa. Kuna mgonjwa nyumbani.