Kiingereza cha Kizimbani

Kiingereza kilikuwa kimeshaniangusha mara mbili, katika mtihani uleule wa kuingia chuo cha ualimu kwa sisi watu wazima tulioacha shule tukaolewa. Masomo mengine nilikuwa napita vizuri tu. Nikifika kwenye yale maneno magumu, unapewa sentensi yenye pengo uchague neno la kuliziba, kichwa kinakuwa cheupe. Maneno yenyewe sijawahi kuyasikia yakitoka kinywani mwa mtu. Jamani, nani hapa mtaani Chang'ombe, Dodoma, anakwenda dukani kununua sukari kwa maneno yale? Nilikuwa naudhika mpaka nalia.

Nilipojiandikisha tena, mume wangu hakuzunguka. "Mke wangu, hii ndiyo ya mwisho," akaniambia. "Ukikosa, tunahamia Kondoa." Kaka yake ana kinu cha kukamulia alizeti huko, na alikuwa anatafuta mtu wa kumwamini. Mimi na Kondoa hatuna ugomvi, ni mji mzuri. Lakini nilijua nikienda ndiyo basi. Ningepima mafuta kwenye madumu mpaka nizeeke, na darasa ningebaki kulisikia tu.

Baba mkwe, ambaye tunakaa naye, alikuwa ameshasema haendi kokote. Mkewe amezikwa hapa Dodoma, na yeye atazikwa hapahapa. Mume wangu alijaribu kumbembeleza, wapi!

Sasa lazima nimweleze mzee huyu. Alikuwa mkalimani wa mahakama mpaka alipostaafu, na Kiingereza anakijua kuliko mtu yeyote niliyewahi kuishi naye. Faida yake kwangu ilikuwa nini? Hakuna. Sisi ni Wagogo, na ingawa wengi mjini wameshaacha mambo hayo, yeye anayashika. Mkamwana hakai akatazamana na baba mkwe, hali naye, hapigi naye soga. Asubuhi nampa shikamoo nikiwa nimeinama, ananiitikia akiwa anatazama ukuta, tumemaliza. Akiwa na shida na mimi, anamtuma binti yangu. Na binti yangu wakati huo hata kusema alikuwa hajaanza.

"Mwambie mama yako chumvi imezidi," anamwambia mtoto. Mtoto ananyonya kidole. Mimi niko hatua chache tu, nasikia kila kitu, na bado inabidi nisubiri kama vile ujumbe utaletwa na tarishi. Loo, kuna siku nilikuwa natamani kurusha mwiko.

Siku moja nilikuwa uani nachambua mlenda huku najikaririsha. Neno lilikuwa "reluctant". Nalitaja, nalirudia, halishiki. Mzee alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, amenipa mgongo, mtoto yuko miguuni pake.

"Mwambie mama yako," akamwambia mtoto, "palikuwa na shahidi mmoja, mbuzi ameibwa mbele ya macho yake, na mwizi ni shemeji yake. Akaitwa jina, akajifanya hasikii. Akaitwa tena, akaomba kwenda chooni. Askari akamsukuma mpaka kizimbani, miguu inaburuta. Huyo ndiye reluctant."

Nilikasirika kwanza. Nani kamwomba? Halafu nikajikuta nacheka peke yangu, mlenda mkononi, kwa sababu huyo shahidi nilimwona kabisa, na miguu yake inayoburuta.

"Muulize babu," nikamwambia mtoto, "alisema au hakusema?"

"Mwambie mama yako atunge kwanza sentensi yake."

Basi tukaanza hivyo. Kila neno nililolitaja uani lilikuwa na kesi yake. "Negligent" alikuwa mchungaji aliyelala kivulini, ng'ombe wakamaliza shamba la uwele la watu. "Plausible" ni maelezo yanayoelekea kuwa kweli, na mzee alilifundisha kwa mtu aliyekosa hayo, aliyekutwa na mbuzi wa jirani akajitetea kwamba mbuzi alimfuata mwenyewe kwa mapenzi yake. Mwisho wa kesi huambiwi mpaka utunge sentensi, na ikiwa mbovu anamwambia mtoto, "Hiyo hakimu ameikataa." Mimi mtu wa hasira, lakini nilikuwa natunga. Nilikuwa nataka kujua kama mwenye mbuzi alipata haki yake! Wenzangu wa tuisheni kule mtaa wa Kikuyu walinicheka kwamba naongea kama wakili wa ng'ombe. Wacheke tu.

Mtihani wa kuandika ulikuja, nikaona mapengo yanazibika. Shida ilikuwa usaili. Niliingia nikakuta watu watatu mezani, na aliyekaa katikati ni mzee mwenye mvi, makamo ya baba mkwe kabisa. Akaniuliza kwa Kiingereza kwa nini nataka kufundisha. Haki ya Mungu, mwili wangu wenyewe uligeuka. Nikakaa upande, nikamjibu ukuta. Nilikuwa nimezoea Kiingereza cha kumpa mtu mgongo, na macho yangu yakawa yanatafuta mtoto wa kumtuma.

"Dada, sisi tuko huku," mama mmoja wa pale mezani akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikageuka, nikaomba radhi, nikasema "I was reluctant." Yule mzee akataka nieleze neno hilo lina maana gani. Ningefanya nini? Nikamwelezea shahidi wa mbuzi, na shemeji mwizi, na kile choo alichoomba kwenda, yote kwa Kiingereza, na wote watatu wakacheka mpaka mama yule akavua miwani. Nilitoka nikijua nimekwisha. Watu hawamcheki hivyo mtu wanayetaka kumchukua.

Nyumbani nilisema ukweli, nimeharibu. Mume wangu hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alianza kufunga vitu polepole. Godoro la wageni likafungwa kamba, vyombo vikaingia kwenye viroba. Mzee, aliyezoea kula na mwanawe na mjukuu, akaanza kuomba chakula chake kipelekwe chumbani. Nikajua amenichukia, nimeaibisha ufundi wake.

Majibu yalitoka mtandaoni adhuhuri moja, upepo unapeperusha vumbi na nguo kwenye kamba. Simu inazunguka, inazunguka. Jina langu likatokea. Sikumbuki nilipiga yowe la namna gani, ila jirani alitoka mbio, khanga kiunoni, mikono kichwani tayari, "Uwiii! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa! Nimechaguliwa chuo!"

"Mwanamke mshenzi wewe!" akasema, akanikumbatia. "Nimeacha maharage yanaungua!"

Mume wangu alikaa juu ya lile godoro akacheka, halafu akaanza kufungua kamba bila mimi kumwambia. Nilishukuru, nikashukuru tena, nikaona hewa inaingia kifuani mpaka chini kabisa, kitu ambacho kilikuwa hakijatokea kwa wiki nyingi.

Mzee alikuwa mlangoni pa chumba chake. Alisikia yote. Akambeba mtoto, akatazama ukuta.

"Mwambie mama yako asante," akamwambia.

Nikashangaa. Anishukuru mimi? Mwalimu si yeye?

"Mwambie, zile siku nilizokuwa nakula chumbani," akaendelea, "nilikuwa najizoeza kula peke yangu."

Miezi yote ile nilidhani anayefundishwa ndiye anayesaidiwa.

"Mwambie babu," nikamwambia mtoto, huku machozi yananitoka, "hatuendi popote."