Pumba na Zile Saksafoni Mbili

Mdogo wangu hajui kunong'ona. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe nimeshamwambia. Ameanza kazi kwenye mashine ya kusaga unga tangu ndevu zake hazijaota, na mashine ile ikinguruma hata radi ikipiga juu ya paa huisikii. Mteja akitaka kumwambia neno anapiga kelele, naye anamjibu kwa kelele, na jioni anarudi nyumbani na kelele zake zile zile. Akiomba chumvi mezani, majirani wote wanajua mboga haina chumvi.

Watu wanamwita Pumba. Jina lilianza kwa sababu ya vumbi, maana mchana kutwa nyusi zake ni nyeupe kama za mzee na masikio yake ni meupe pia. Baadaye wenye midomo wakaliongezea maana, kwamba eti anaongea pumba. Mimi dada yake nina haki ya kumwita hivyo. Wewe mwingine jaribu mbele yangu uone.

Nauza ndoo na mabeseni ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na mlango wa mashine yake. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, yeye bado anavaa kaptula zilizotoboka makalioni, kwa hiyo nimemlea mwenyewe na namjua mpaka kikohozi. Hanywi, hachezi karata, hapigi mtu. Ana starehe moja tu, na hiyo hiyo moja ndiyo iliyonifikisha kwenye aibu ninayotaka kuisimulia.

Starehe yenyewe ililetwa na kukatika kwa umeme. Mtaa wa nyuma yetu kuna jengo lililokuwa ghala la makabati na vitanda, wakaja watu wakaligeuza ukumbi wa muziki. Mashine ikifanya kazi huwezi kujua kama kuna ukumbi. Siku moja umeme ukakatika, mkanda wa mashine ukasimama, vumbi likatulia, na ndani ya ule ukimya ikaingia sauti ya saksafoni. Wale hawakuhitaji umeme, walikuwa na pumzi zao. Wateja wamekaa juu ya magunia wanalaani, na Pumba amesimama mlangoni mdomo wazi, kama mtu anayeitwa jina lake kutoka mbali. Tangu siku ile umeme ukikatika mtaa mzima unanuna, yeye anatabasamu. Mwenye mashine alifika mahali akamshuku kwamba ndiye anayeukata.

Basi akaanza kwenda. Kila Jumamosi alasiri anafunga mashine, anaoga, anavaa shati la mikono mirefu, huyo. Mkewe alimsindikiza mara mbili, ya tatu akagoma.

"Wifi, mimi sirudi kule," aliniambia. "Watu wawili wanapuliza, hakuna anayeimba, na mume wangu anawajibu."

"Anawajibu nini?"

"Anawaambia warudie!"

Ilibidi nimweleze, maana yeye hashindi kwenye mashine. Pale mteja anachota unga kidogo, anausugua kwa vidole. Ukikwaruza, anapiga kelele: "Hiyo bado ni chenga! Rudia!" Na mahindi yanapandishwa tena juu. Ukiwa laini anasema: "Hapo! Imelainika!" Mdogo wangu hajasikia lawama wala sifa nyingine maisha yake yote. Kwa hiyo saksafoni ikikwaruza, anapaza sauti: "Hiyo bado ni chenga! Rudia!" Na ikimpendeza: "Hapooo! Imelainika!" mpaka vioo vya madirisha vinalia. Na anaapa kwamba alisema taratibu.

Wapigaji wenyewe ni wawili. Mmoja mrefu, shingo nyembamba kama mpini wa mwiko, anaitwa Mrefu. Mwingine havui kofia hata ndani ya nyumba, anaitwa Kofia. Hawaji na wimbo ulioandaliwa. Mmoja anaanza chochote kinachomjia, mwenzake anadakia, wanakwenda hivyo hivyo wakibuni papo hapo. Mrefu alikuwa akisikia kelele za Pumba anacheka. Kofia alikasirika akasema hawezi kubuni huku mtu anamwagiza kama kijana wa mashine. Kwa hilo simlaumu. Mtu akisimama mbele ya banda langu na kutangaza kwamba ndoo zangu ni chenga, nitampiga nazo.

Ikawa Alhamisi meneja wa ukumbi akaja mwenyewe kwenye mashine, binti mpole, sauti yake kama pamba.

"Baba, tunakupenda sana," alimwambia. "Lakini wasikilizaji wenzako wanalalamika. Jumamosi hii tukisikia kelele yako, au ya mgeni utakayekuja naye, itabidi usije tena."

"KELELE GANI?" aliuliza Pumba, na njiwa wote wakaruka kutoka juu ya paa.

Jioni alikuja kwangu, hata kukaa hakutaka.

"Dada, mimi sijisikii. Naona nasema polepole, kumbe napiga kelele. Njoo ukae na mimi Jumamosi. Nikianza tu, nifinye."

"Si ubaki nyumbani usikilize redio?"

"Redio haibuni, dada. Inajua inakokwenda." Akashika kitasa cha mlango. "Nikifukuzwa na kule, nibaki na nini? Mashine?"

Nikasema haya.

Usiku ule na kesho yake tukafanya mazoezi, redio juu ya meza, yeye kaweka kiganja mdomoni, mimi vidole viko tayari kwenye mkono wake. Nikamwambia: "Nisikilize vizuri. Lolote litakalotokea, hata paa likianguka, hufungui mdomo."

"Na nikiitwa?"

"Hata ukiitwa."

Mkono wake ulikuwa na alama kama umeumwa na siafu. Mkewe alicheka akashika mbavu: "Wifi, ukimaliza kumfinya kwa ajili ya muziki, mfinye na kwa ajili yangu."

Jumamosi tukaenda. Mlinzi akatufungulia mlango, tukakaa viti vya katikati. Ukumbi bado ulinuka vanishi, na ukutani misumari ya ghala ilikuwa haijang'olewa. Nilitegemea kuona watu wakicheza. Thubutu! Mzee mmoja mwenye ndevu alikuwa amefumba macho anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekataa kuongezewa chakula. Mama mmoja wa miwani alikuwa ameshika kidevu. Mbele yetu mume na mke, goti la mume linarukaruka, mke analikandamiza. Na kulikuwa na mwalimu mstaafu ambaye kila baada ya muda kidogo alisema "mmh", kama daktari anayeelezwa maumivu. Kila mmoja aliguswa mahali, ila hakuna aliyeguswa mdomoni. Hata msibani watu wanaruhusiwa kutoa sauti.

Mrefu akaanza kupuliza. Nikasubiri. Nikasubiri tena.

"Wanajaribu vyombo?" nilimuuliza Pumba sikioni.

Akatikisa kichwa.

"Sasa wimbo unaanza lini?"

Akanyoosha kidole jukwaani, yaani umeshaanza zamani. Mama wa miwani akageuka akaniangalia: "Shhh."

Mimi! Niliyekuja kumnyamazisha mtu ndiye niliyekuwa wa kwanza kunyamazishwa. Nikakunja mikono. Nikaapa moyoni kwamba mwaka huu sirudi tena, na mwaka ujao pia.

Sijui ilikuwaje. Labda ni kwa sababu sikuwa na la kufanya zaidi ya kumwangalia mdogo wangu, na uso wake ulikuwa unafuata yale mabomba yao ya kupuliza kama mtu anayeangalia ugomvi wa majirani dirishani. Nami nikaanza kusikia kidogo kidogo. Mrefu alikuwa anasimulia jambo. Alilianzia mbali, bila haraka, analizunguka, na kila akikaribia penyewe Kofia anaingia juu yake, paa paa paa, anamfunika. Mrefu akarudi nyuma, akaanza tena upande mwingine. Kofia akamfunika tena. Mzee wa ndevu anatikisa kichwa kwa raha. Mwalimu anasema "mmh". Nikaangalia kulia na kushoto. Ina maana hakuna anayeona?

Jambo lile nalijua. Nahudhuria vikao vya wafanyabiashara wa soko letu, nikisimama tu, sijafika kwenye hoja, katibu ananikatiza: "Tumekuelewa, mama." Umenielewa nini, na sijasema?

Mrefu akaanza mara ya tatu. Safari hii alilianza chini kabisa, kama mtu anayeeleza ugonjwa wa mzazi wake. Pumba alikuwa anatetemeka, kiganja mdomoni, jasho linateremka nyuma ya sikio ambako unga huwa hautoki hata akisugua. Nikaweka vidole tayari. Kofia akavuta pumzi, akainua bomba lake.

"We Kofia! Mwache mwenzio amalize!"

Nikamfinya Pumba kwa nguvu zangu zote.

Hapo ndipo nilipoona kwamba watu wote wananiangalia mimi.

Saksafoni zilinyamaza zote mbili. Nyuma kule mtu alicheka, akakata kicheko. Kofia aliteremsha bomba akaniangalia, na Mrefu akaangalia viatu vyake. Meneja akaja kwa kunyata, akainama.

"Mama, umekuja na nani?"

Nikamwangalia mdogo wangu. Naye akaniangalia. Kiganja kilikuwa pale pale mdomoni, machozi yanamlengalenga, sijui ni kufinywa, sijui ni aibu, sijui ni kicheko.

"Baba," meneja akamgeukia, "huyu mama ni mgeni wako?"

Kimya. Hata kukohoa hakukohoa. Hata ukiitwa, nilimwambia. Mwanafunzi wangu alikuwa amefaulu.

"Simjui huyu," nikasema mimi. "Nimekuja peke yangu, nilikuta mlango wazi."

Sijui kama aliniamini. Nadhani alitaka nitoke tu, na nilitoka, kichwa juu, nikapita katikati ya magoti ya watu. Mlinzi akanisogezea benchi lake nje.

"Si mliingia pamoja na yule wa mashine?" akauliza.

"Wewe umewekwa kulinda mlango au kulinda midomo?"

Akarudisha macho mlangoni.

Muziki ukaanza tena, unatokea kwenye matundu ya hewa juu ya vichwa vyetu. Kwa huku nje sikuweza kutambua yupi ni Mrefu na yupi ni Kofia, wala kama aliachiwa amalize. Nilikuwa nachemka. Nilichokuwa nasubiri hasa ni sauti ya mdogo wangu. Nilijiambia, hataweza, muda si mrefu atapasuka, atatolewa, tutakaa wote benchini na nitamwambia maneno yake. Mwishoni zile sauti mbili zikaja pamoja, zikashuka pamoja, hakuna punje iliyokwaruza. Hata mimi na hasira zangu nikasema: "Hapo imelainika."

"Nini?" akauliza mlinzi.

"Husikii?"

Nikatega sikio. Sasa ataisema. Ikaja midundo ya makofi, makofi ya watu wastaarabu, mepesi, yameanza pamoja na kuisha pamoja. Sauti ya Pumba haikuwemo.

Wakatoka. Mzee wa ndevu alipita mbele yangu akimwambia mwenzake: "Leo kulikuwa na utulivu mzuri, ukimwondoa yule mama." Meneja akampa Pumba mkono mlangoni: "Asante sana, baba. Karibu tena Jumamosi ijayo." Pumba akaitikia kwa kichwa, akanipita kama anayepita nguzo, mpaka tulipokata kona ndipo akanisubiri.

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Akaniwahi, akachezesha midomo.

"Nini?"

Akachezesha tena.

"Sikusikii, Pumba!"

Alikuwa ananong'ona. Miaka yote hii, siku ya kwanza anaonana na mnong'ono ndiyo hiyo. "Alikuwa anamkatiza kweli," alisema.

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniambia nisifungue mdomo."

"Hukuona wananitoa nje?"

"Ulisema hata nikiitwa."

Nilitamani kumfinya mkono wa pili. Tukatembea. Nikashindwa kujizuia.

"Na pale mwishoni, ilipolainika?"

Akafikiri kwanza. "Niliimeza," akanong'ona.

Nilidhani hali ile itampita. Jumatano umeme ukakatika. Mkanda ukasimama, wateja wakakaa juu ya magunia wakaanza kulaani, na kule mtaa wa nyuma wakaanza kupuliza. Nikaangalia ng'ambo. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni pale pale kwenye mashine, nyusi nyeupe, kiganja kiko mdomoni.

Bomba moja likakwaruza vibaya mno. Mtoto mchanga angejua kwamba ile ni chenga.

"Pumba!" nikapaza sauti kutoka bandani. "Sema basi! Huku hakuna meneja!"

Wateja wakageuka. Akaondoa kiganja. Nikashusha pumzi, nikasema haya, sasa itatoka.

Akaweka kidole midomoni, akanikunjia uso mimi dada yake, mbele ya watu.

"Shhh."

Nikarudi kupanga mabeseni yangu, na niliyapanga kwa kishindo.