Maksai Wawili wa Kutoka Tulia

Kila mwaka, katika miaka yote niliyofundisha magonjwa ya mifugo, somo langu la kwanza halikutoka kitabuni. Niliweka mezani chupa yenye kipande cha pafu la ng'ombe kilicholowa dawa, nikawauliza wanafunzi huyo ng'ombe alikuwa na hali gani siku aliyokufa. Wote walisema alikuwa amekonda, anakohoa, macho yamezama. Nami niliwajibu, kwa furaha ambayo mke wangu anaiita uchokozi, kwamba alikuwa mnene, ngozi inang'aa, na juzi yake tu alikuwa akilima shamba la baba yangu kule Tawa.

Nilirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya hamsini na diploma ya utabibu wa mifugo kutoka Uganda, suruali mbili za kaki, na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Nikapewa kazi ya kuchanja ng'ombe dhidi ya homa ya mapafu. Chanjo ya wakati ule ilidungwa kwenye ncha ya mkia, na kwa ng'ombe wengine mkia ulivimba, ukaoza, ukakatika. Watu wakanibandika jina: Mkata Mikia. Lakini hawakunikimbia kwa sababu ya mikia peke yake. Walikumbuka vizuri miaka ile serikali ilipokuja kuhesabu ng'ombe wa Wakamba, na ilipomaliza kuhesabu ikaja kuwachukua. Mtu wa serikali mwenye daftari, hata awe mtoto wao wa kuzaa, alikuwa mtu wa serikali mwenye daftari. Nilipofika kwenye boma la mtu nilikuta mbuzi, na samadi mbichi ya ng'ombe wasioonekana.

Ugonjwa nao haukungoja tuelewane. Soko la mifugo lilifungwa, njia ya kutoka Kitui ikawekewa askari, na bado ng'ombe walikufa Tawa kama walivyokufa Tulia, upande wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Mkubwa wangu, mzungu mwenye magoti mekundu, alishikilia kwamba nyati ndio waliokuwa wakiubeba. Nilimwambia sijaona nyati Tawa tangu nizaliwe.

"Wewe chanja ng'ombe," akasema. "Kazi ya kufikiri iko ya mimi."

Nilikasirika. Siku hiyo niliapa kuufuata ule ugonjwa kwa miguu yangu hadi nijue unapita wapi.

Kumbe jibu lilikuwa nyumbani, linapepeta mtama. Zizi la baba ndilo lililoguswa kwanza pale kijijini. Ng'ombe wanne walikuwa wamekufa, wakabaki maksai wawili wa kulima, mmoja mweusi na mmoja mwenye baka jeupe, pamoja na ng'ombe wa maziwa wa mama. Nilimuuliza mama, bila kutegemea lolote la maana, kama wale maksai walizaliwa pale.

"Hao? Hao walikuwa kwa rafiki ya baba yako, huko Tulia. Si walikuja mwaka huu, mvua ilipoisha?"

Nilijiona mjinga. Kila Mkamba anajua kwamba mtu hafungi ng'ombe wake wote katika zizi moja. Huwagawa, huyu kwa rafiki wa huku, yule kwa rafiki wa kule, ili ukame au wezi au serikali wasimmalize kwa siku moja. Rafiki hukamua maziwa, mwenyewe hubaki na ng'ombe. Nilikulia katika desturi hiyo, kisha nikaisahau darasani. Na wanyama hao hawakupita njia yenye askari. Walipita vichochoroni, mmoja mmoja, kama wageni wa kawaida.

Nikaacha kuwauliza wanaume. Wanaume walikuwa na siri zao, ila wanawake ndio waliokamua, na anayekamua humjua ng'ombe na kwao. Kwa majuma mengi nilikaa kwenye visima vya mchangani, mtoni, nikiwasaidia kina mama kujaza mitungi na kuwauliza ng'ombe gani alitoka wapi. Walinicheka sana, na waliniambia kila kitu. Mistari niliyochora daftarini haikufuata barabara hata moja. Ilifuata urafiki, na iliyotoka Tulia ilikutana kwenye zizi letu.

Hapo nilielewa. Mmoja wa wale maksai alikuwa ameugua zamani akapona, ila ugonjwa ulibaki umejificha pafuni mwake, naye akauleta. Niliwaeleza wazee kwamba wasipochanja, ng'ombe wa kilima kizima watakwisha. Mzee mmoja mwenye ulimi mkali akasimama.

"Unasema mzima ndiye mgonjwa. Haya, pasua mmoja tuone. Mapafu yakiwa safi, wewe na sindano yako msikanyage hapa tena."

Nilimtazama baba. Alisema neno moja: "Chagua."

Nilimchagua mweusi, kwa kuwa alikuwa mwembamba na mara mojamoja alikohoa. Kesho yake asubuhi tulimchinja mbele ya watu. Mapafu yalikuwa safi. Niliyapapasa kwa vidole mara tatu, nikitafuta hata kovu, sikupata kitu.

"Aiya! Mkata Mikia sasa amekuwa mkata nyama!" mtu akapaza sauti, na watu wakaangua kicheko. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona tena. Nilimtafuta baba kwa macho, hayupo. Nikadhani ameshindwa kunitazama.

Kisha umati ukapisha. Baba alikuwa anamvuta yule mwenye baka, shingo bado ina alama ya nira. Mvua ya kupanda ilikuwa karibu, na shamba halijaisha kulimwa.

"Asa, baba, huyu hapana," nikamwambia. "Nikikosea tena?"

"Shika kisu."

Katika pafu la kulia, chini kabisa, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa ngumi, ukuta wake mgumu, na ndani nyama iliyokufa, ya rangi ya jivu. Yule mzee akaja akaubonyeza kwa kidole. Kesho yake ng'ombe walitoka kwenye vichaka ambavyo sikujua hata vina njia, na niliwadunga mpaka mkono ukafa ganzi. Ripoti aliandika mzungu, na jina langu halikuwemo. Chupa ya lile pafu nilibaki nayo mimi.

Msimu ule baba na mama walilima kwa jembe la mkono. Nami nilikwenda kuwasaidia kila nilipopata nafasi. Siku moja tulipokaa kupumzika nilimuuliza baba lile lililonikaba tangu siku ile.

"Na yule wa pili angekuwa mzima je?"

Baba akakwangua udongo kwenye jembe. "Ningemleta ng'ombe wa mama yako."

Nikamgeukia mama nikitegemea vita, maana hata baba hakumgusa ng'ombe yule bila ruhusa. Mama hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nimeshamfungua," akasema. "Nilisimama naye nyuma yako wakati wote."