Mgomba Uliochipua Kaburini

Mdogo wangu aliingia msituni kutafuta ng'ombe, hakurudi. Tulipokata tamaa tulifuata desturi yetu kwa mtu ambaye mwili wake haukupatikana: tukazika shina la mgomba mahali pake. Ila vijana waliolileta waliling'oa na mzizi wake, na mvua zilipoanza likachipua juu ya kaburi. Mama akaona ni ishara kwamba mwanawe yu hai. Tangu siku hiyo alimwekea sahani ya obusuma, ugali wetu, kila jioni. Sikumbishia. Nilisali tu.

Mwaka jana walinzi wa msitu walipata mifupa karibu na Isecheno, si mbali na kwetu. Mama, aliyekwisha kupita miaka tisini, akasema, "Nipelekeni nijue kabla sijafa."

Hospitalini Iguhu tulimkuta binti mtaalamu wa vinasaba. Mashine yake ilikuwa ndogo kuliko kitabu changu cha nyimbo za kanisani, nayo imeunganishwa na kompyuta. Sampuli ya mfupa ilikuwa tayari. Alihitaji ya mama ili alinganishe.

"Kukhu, fungua mdomo," akasema, akimwita bibi kwa lugha yetu, ameshika kijiti cha pamba.

Mama akafumba macho, akatoa ulimi. Kijiti kilipomgusa akajibu, "Amina."

"Amedhani ni Komunyo," nikamnong'onezea binti.

Binti hakucheka. Akasema taratibu, "Sasa shavuni, Kukhu."

"Padri wetu hana mambo ya mashavu," mama akanung'unika. Hapo sote tukacheka, naye akacheka.

Siku ya tatu, baada ya kurudia kipimo, binti alipiga magoti mbele ya kiti cha mama, akamshika mikono.

"Kukhu, ni mwanao."

"Kumbe alikuwa karibu hivyo," mama akasema.

Tulimzika katika kaburi lile lile. Mama alikataa mgomba ukatwe; tukauhamishia nyuma ya jikoni, na umeshika vizuri. Namshukuru Mungu kwa mikono ya yule binti. Bado namtaja katika sala zangu.

Jioni ya mazishi nilipakua chakula, na kwa mazoea nikatoa sahani ya mdogo wangu. Mama akaipokea, akaifuta kwa leso yake, akanirudishia.

"Iweke kabatini," akasema. "Amefika. Tusali, tule."