Kuku Aliyeatamia Vita

Kiangazi kile nilirudi nyumbani Shirere kupumzika, nikakuta vita vya ng'ambo vimehamia sebuleni. Baba, mwalimu mstaafu, alikuwa na redio ndogo ya betri ambayo haikumtoka mkononi. Kila taarifa ya habari ilipokwisha, alitutangazia upya, kana kwamba sisi hatuna masikio.

"Wamerusha makombora tena," alisema siku moja tukila obusuma, ugali wa kwetu, na mboga ya mrenda.

"Na wewe rusha tonge mdomoni, mboga inapoa," Mama akamjibu.

Baba hakucheka. Alikuwa amekonda, na usingizi ulikuwa umemhama. Akaanza kuweka akiba ya chumvi na mafuta ya taa, eti meli zikizuiwa huko baharini tutajuta. Kisha akamwambia Mama apunguze chai, tunywe asubuhi tu. Hilo la chai ndilo lililomponza.

Kesho yake, Baba alipoingia kuoga, Mama alinikonyeza. Akaizima redio, akaifunga kwenye kitambaa, akanipa.

"Peleka kwa yule kuku anayeatamia. Hapo hakuna mtu atatia mkono."

Mimi nilitia, na kuku akanidonoa hadi nikakaribia kupiga kelele.

Baba alitafuta chini ya mito ya viti, nyuma ya kabati, hata ndani ya gunia la mahindi. Simu yake ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo hakuwa na pa kukimbilia.

"Nani ameona redio yangu?"

"Labda imeenda kujiandikisha jeshi," Mama akasema bila kuinua uso. Mimi nilikimbilia jikoni kucheka.

Alipochoka, alikuja barazani tulipokuwa tunamenya njugu, akakaa kama mgeni aliyenyimwa chakula. Muda si mrefu vidole vyake vikaanza kumenya vyenyewe. Upepo mkavu ulipita kwenye migomba. Hondohondo wawili wakaruka juu yetu wakipayuka kama ndugu wanaogombania mpaka wa shamba. Baba akawatazama mpaka wakapotea.

"Siku ya kwanza kufika kwa kina mama yako," akaniambia, "nilijifanya nimepotea njia. Nikaomba maji."

"Akanywa vikombe vinne," Mama akadakia. "Tukadhani ni mgonjwa."

"Nilikuwa natafuta sababu ya kukaa."

"Si ungesema tu?"

"Na baba yako ameshika panga?"

"Alikuwa anakatia ng'ombe nyasi!"

Tulikuwa bado tunacheka jirani yetu alipojitokeza langoni, mbio mbio. "Mwalimu! Umesikia ya leo?"

Mama akaacha kumenya. Baba akamsogezea jirani kigoda.

"Hapa leo hatujasikia kitu. Kaa umenye njugu."

Kisha akaniinamia, akaninong'oneza: "Yule kuku anasikilizanga stesheni gani?"

Kumbe nilikuwa nimetoka bandani na unyoya kichwani, naye aliuona mapema. Jioni alienda mwenyewe kuichukua redio, akarudi akijilamba kidole kilichodonolewa. Hakutugombeza. Ila tangu hapo aliifungua mara moja kwa siku, akatikisa kichwa, akaizima.

Vita havikuisha. Alasiri zilizobaki tulizimaliza pale barazani. Mama alisinzia mdomo wazi, na Baba akamfukuzia nzi kwa kofia yake, polepole, asije akamwamsha.