Jina Ambalo Baba Hakulichonga

Harufu ya lami inayochemka bado hunisimamisha njiani. Wengine wakiisikia hufikiria barabara. Mimi namwona baba, kule mtaani kwetu Mususa, Butembo, akikibandika kipande cha chuma juu ya lami ya moto ili kisicheze, kisha akikiinamia na patasi nyembamba kama sindano ya kushonea magunia. Alichonga mihuri ya kupigia medali: za Bikira Maria kwa watoto wa komunyo ya kwanza, za mashindano ya mpira, za walimu waliostaafu. Kwenye muhuri kila herufi hukaa kinyume, na baba aliandika kinyume haraka kuliko mimi nilivyoandika sawasawa. Nilimtania kwamba ndiyo maana mwandiko wake wa kawaida hausomeki. Alicheka mpaka patasi ikamponyoka.

Mwaka mmoja kaka yangu Kasereka alikwenda Oicha, kaskazini mwa Beni, kumsaidia mjomba kuvuna kakao. Wauaji waliokuwa wakivamia vijiji vya huko wakaingia mashambani. Mjomba tulimzika, Kasereka hakuonekana, si mzima wala maiti. Tulimtafuta Oicha, tukamtafuta katika hospitali za Beni, tukarudi Butembo mikono mitupu.

Basi medali zikakoma. Watu walikuja kutoka Beni kuagiza vibao vya shaba vya kupigilia kwenye misalaba ya wafu wao, na baba akawachongea wote bila kuinua kichwa. Mama alivumilia, alivumilia, halafu siku moja akamwambia mbele yetu sote: "Baba Kasereka, batoto ba benzako bote unabaandika. Wa kwako je? Hata nipate fasi ya kulilia!"

"Hapana," baba akasema. "Nikiandika jina yake, ni miye mwenye nitakuwa nimemuua."

Mungu wangu, mama alivyolia! Sikujua nimshike nani. Nilimchukia baba kwa ugumu wake, nikamchukia na mama kwa kutaka kumzika kaka yangu. Baada ya hapo walikula pamoja na kusali pamoja, lakini jina la Kasereka halikutajwa tena nyumbani kwetu.

Baba amefariki mwaka huu. Medali zake ningali naziona shingoni mwa akina mama sokoni, Bikira yuleyule mwenye pua ya bibi yetu, na moyo unaniuma. Siku hizi vibao huchongwa na mashine ya kompyuta. Mimi na mama tulikaa kwenye benchi kwa kijana mwenye mashine hiyo, tukisubiri kibao cha msalaba wa baba, na kabla hatujamaliza soda jina la baba lilikuwa tayari, limenyooka, halina mkono wa mtu. Nikamnong'oneza mama kwamba tungeweza kuongeza kibao cha Kasereka, maana hakuna wa kukataa tena. Mama, aliyekililia kibao hicho miaka yote, aliitazama ile mashine, akaiweka soda yake chini.

"Acha," akasema. "Miye pia siwezi."

Sasa nimebaki mimi wa kuamua. Kijana wa mashine huniita kila nipitapo pale, akiuliza kama kuna jina jingine la kuchonga, nami huvuka barabara.