Gauni la Kijani la Sista Nora

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatoa wazee wangu Unguja wakiwa hawana kitu mkononi, akatupa makazi Jeddah, karibu na Nyumba Yake tukufu, kisha akaniachia umri na kumbukumbu niweze kuyaandika haya. Namshukuru kwa yale niliyoyafahamu mapema na kwa yale aliyonichelewesha kuyafahamu.

Enzi zetu, sisi watoto wa Kiunguja wa Jeddah, kiyoyozi kilikuwa kitu cha nyumba za watu wengine. Alasiri mama zetu walimwaga maji uani vumbi litulie, nasi tukacheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu hadi adhana ya magharibi. Mlangoni tulisema Kiarabu, ndani Kiswahili, na ole wako uchanganye mbele ya baba. Nyumba ilinukia samaki wa kukaanga, mkate wa ufuta na udi. Wajukuu zangu siku hizi mtandao ukikatika robo saa wanaanza kuulizana nani aitiwe daktari. Sisi tulikuwa na mpira wa soksi, na ukiraruka tulitia soksi nyingine.

Baba alishona kofia za viua. Mama alifua na kupiga pasi shuka katika hospitali moja ya mjini, na huko ndiko alikojuana na Sista Nora, muuguzi kutoka Ayalandi. Ndiye aliyemzalisha mama kitindamimba wetu, na tangu siku ile mama alimhesabu kuwa ndugu.

Kila mwezi wa Machi ilifika siku ya mtakatifu wao, Patrick. Wakati ule sherehe kama hiyo haikufanywa waziwazi. Katika nyumba ya wauguzi walishusha mapazia na kupunguza kaseti mpaka muziki ukawa kama mtu anayenong'ona. Mama alikaanga sambusa, akanishika mkono.

"Unakwenda sikukuu ya Wakristo?" baba aliuliza mara ya kwanza, sindano mdomoni.

"Nakwenda kwa jirani," mama akajibu. "Sikukuu ni yake, sambusa ni zangu."

Baba hakuuliza tena. Mwaka uliofuata aliuliza kama sambusa zingine zitabaki.

Kule tulikula mkate wao wa magadi wenye zabibu, wa moto, siagi ikitiririka mpaka kwenye kiwiko. Kisha Sista Nora alivaa gauni lake la mahameli ya kijani, lililotariziwa mafundo ya uzi wa dhahabu, akacheza ngoma ya kwao. Mikono ameibana ubavuni kama askari, uso umetulia, miguu peke yake ndiyo inayoruka. Sijapata kuona kitu kama kile. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya buibui: "Miguu imeshapata ikama, mikono bado inamsubiri kafili!" Sista Nora, naye mgeni aliyeishi kwa ikama, kibali cha ukaazi, na kwa kafili, mdhamini wake, alipofasiriwa aliketi chini kwa kicheko.

Mwaka mmoja habari zilimfikia kuwa baba yake yu mahututi. Akaondoka haraka, na mfuko mmoja tu. Alikuja kwetu na gauni mkononi, akasema kwa Kiarabu chake cha kuungaunga: "Mama Zuwena, nitunzie. Nitarudi baada ya miezi mitatu." Akatia kikaratasi katika kimfuko cha ndani ya gauni. "Nisiporudi, anwani yangu ni hii."

Mama alilikunja ndani ya kanga, akatia karafuu kuzuia nondo, akalifungia sandukuni.

Miezi mitatu ikapita, ikaja Idi. Nilikuwa na miaka kumi. Nguo yangu ya Idi ilikuwa ya dada yangu, imepunguzwa, na watoto wote wa mtaani waliijua. Mama alipotoka kwenda kuwapa mkono wa Idi jamaa, nilifungua sanduku. Gauni lilinifika miguuni. Nikalifunga mshipi, nikaenda kwenye pembea za mbao zilizosimamishwa uwanjani kila Idi, na kwa muda mfupi hakuna mtoto Jeddah aliyekuwa juu kuliko mimi. Niliposhuka, msumari ulilishika bega ukalipasua.

Nilirudi mbio. Gauni lilijaa vumbi, na akili ya mtoto ikaniambia nilifue kabla mama hajarudi. Nikalitumbukiza kwenye ndoo ya sabuni. Nilipolikamua ndipo vidole vilipogusa kitu laini kama uji ndani ya kimfuko. Anwani ilikuwa imeyeyuka. Nikaimwaga pamoja na maji.

Mama alipoingia aliliona gauni kwenye kamba. "Umevaa amana, Zuwena?" Hakunipiga. Angenipiga ningekwisha kusahau. Baba alilishona bega kwa kazi ya kofia, na hata leo pale begani utaona viua vya Unguja katikati ya mafundo ya Ayalandi.

La kupasua nililikiri. La kikaratasi sikulisema.

Sista Nora hakurudi. Nasi tukahama mtaa, na kama aliandika, barua hazikutufikia. Kila mwaka, kabla ya Idi, mama alilitoa gauni, akalianika kivulini, akalifukiza udi, kisha akatafuta kikaratasi. Alitafuta sandukuni, kwenye kopo la dawa, kati ya kurasa za vitabu vya baba. "Nahisi nilikitoa kimfukoni nilipolikunja; nilikitia wapi mie? Akili yangu imeanza kuzeeka." Hakuwa ametimiza miaka arobaini. Nilisimama kando namshikia taa atafute. Nilifundishwa dini, nikaja kuwafundisha wanawake wenzangu habari ya amana, na mdomo huu haukuweza kumwambia mama yangu neno moja. Alifariki akiamini ni yeye aliyekipoteza. Wasia wake wa mwisho kwangu ulikuwa mfupi: "Gauni la watu, Zuwena."

Miaka ikaenda. Nchi nayo ikabadilika mbele ya macho yetu: wanawake wakaendesha magari, sinema zikafunguliwa, na mambo yaliyokuwa nyuma ya mapazia yakatoka barazani. Mjukuu wangu Rahma akapata kazi Riyadh, katika ofisi moja ya mtaa wa Olaya. Siku moja alinipigia simu akicheka: mwenzake wa kazini, Eileen, ni wa Ayalandi, na mwezi wa Machi wanafanya sherehe yao hotelini, wazi, kijani kitupu.

"Muulize," nikamwambia, "kama anamjua Nora aliyekuwa muuguzi Jeddah." Nikamtajia ukoo wake na kijiji, maana alizoea kutusimulia.

"Bibi, Ayalandi ni nchi nzima!"

"Na Unguja je? Ukitaja jina na kijiji, si unaulizwa mtoto wa fulani?"

Haikupita wiki mbili jibu likaja. Sista Nora alikuwa amekwisha kufa. Hakuacha mtoto, ila mdogo wake wa kike yupo.

Nilipanda ndege hadi Riyadh, gauni nimelipakata. Rahma alinipokea, mwenyewe kashika usukani, nami nikasoma kila dua ya safari ninayoijua mpaka Olaya. Hotelini niliomba kwanza mahali pa kuswali alasiri. Kisha tukaingia ukumbini. Taa za kijani, keki za kijani, wanaume kwa wanawake pamoja, madirisha makubwa hayana pazia hata moja.

Eileen akanishikia simu. Katika kioo alitokea yule mdogo wake Nora, bibi mwenye mvi, macho ni yaleyale ya Nora. Rahma alifasiri. Nilimweleza yote: pembea, msumari, ndoo, kikaratasi. Nilikuwa tena mtoto wa miaka kumi. Nikamwomba anisamehe kwa niaba ya dada yake.

Akajibu kwa lugha yao. Kisha Rahma akafasiri, naye analia: "Anasema barua mbili za dada yake zilirudi. Lakini mpaka anakufa alikuwa akisema, gauni langu liko Jeddah, kwa Mama Zuwena, na liko salama. Anasema amekusamehe, na Nora angekuwapo angecheka."

Akasema yeye ameshazeeka, gauni apewe binti mdogo wa Eileen, aliyekuwa pale ukumbini, acheze nalo siku ileile. Nikasema sawa, lakini atamke mbele ya mashahidi wawili, kama tulivyofundishwa. Eileen akaleta wanaume wawili, mmoja ndevu amezipaka kijani, mwingine kavaa kofia ndefu kama jungu.

"Bibi, hawa ndio mashahidi?" Rahma akaninong'oneza.

"Watafaa. Ila yule aivue kofia."

Akaivua. Wote wawili walisimama kimya kama walio msibani, bibi akatamka, nami nikalikabidhi gauni.

Msichana alikuwa na umri wangu wa siku ile. Gauni lilimfika miguuni. Alinusa mkono wa gauni, akamuuliza mama yake harufu gani hiyo. Ni udi wa mama yangu. Kisha akabana mikono, na miguu ikaanza. Vijana wote ukumbini waliinua simu wapige picha. Mimi nilitazama kwa macho, na nadhani ni mimi peke yangu niliyeviona viua begani.

Zamani tulificha furaha nyuma ya mapazia, lakini mtu alikutunzia kitu chako maisha yake yote bila kukudai hata asante. Leo mapazia yamefunguliwa, alhamdulillahi, nami nayafurahia. Ila sijui ni nani kati ya wajukuu zetu atakayelianika gauni la watu kila mwaka.

Niliporudi Jeddah nilifungua sanduku. Zilibaki kanga na karafuu chache. Nikasema kwa sauti, "Mama, hukukipoteza wewe. Ni mimi."

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhie uliowaachia amana zako, akurehemu wewe na wazazi wako, na akujaalie kuomba radhi wakati mwenye kuitoa bado anakusikia. Amina.